Lokole ya Papa Haikuitia Karamu

Kinshasa, 9 Machi 2025

Yaya Fortunée,

Nakusalimu sana, dada yangu mkubwa, wewe huko Kisangani na papa wetu kule Yanonge, na wote wanaouliza habari zangu, kama bado wapo. Mimi ni mzima. Mafua yalinishika mvua iliporudi, sasa yamekwisha. Jirani yangu wa ukuta amenunua jogoo asiyejua saa, anawika hata jua likiwa kali. Barua hii nimemkabidhi mtu wa baleinière, ile mashua ndefu ya mbao inayopanda Kisangani, kwa sababu simu zangu hupokei. Itafika itakapofika.

Bon. Habari kubwa ni kwamba sehemu ya pili ya Falme za Mto, mchezo wetu wa video, itatoka Desemba, na safari hii sauti zote ziko mikononi mwangu. Lawama za vijana wa salle yako, ule ukumbi wako wa michezo, sikuzisahau. Walisema mto wetu ulikuwa rangi tu, mtu anatembea juu yake kama Bwana Yesu. Sasa mto una maji. Mvua ikinyesha, maji yanapanda, mtumbwi unapinduka na mizigo inakwenda. Walisema wenzako wa safari wanakufuata kama mbuzi wa kamba. Sasa wanakumbuka. Ukimdanganya mmoja sokoni, siku moja atakuumbua mbele ya watu. Na kuna jambo nililolitunga mimi mwenyewe, wakubwa wakalipigia makofi: mwenzako akifa, amekufa kweli, harudi. Unapaswa kwenda kumzika. Usipokwenda, wale wengine wanakuacha mmoja mmoja, hata uwe na upanga wa namna gani.

Lakini zuri kuliko yote ni lokole, ile ngoma ya gogo inayoita watu. Mchezaji atakuwa na lokole yake, ataipiga, na wenzake watatoka mbio kutoka kila kijiji, karamu inaanza. Sitaki ngoma ya kompyuta. Nataka mkono wa papa juu ya lile gogo lake. Yaya, nakuomba, shuka Yanonge na simu yako, papa apige kidogo tu, wito wowote, unitumie. Jina lake litaandikwa mwishoni mwa mchezo, dunia nzima ilisome.

Ni mimi leki, mdogo wako,
Sadrack


Kisangani, 24 Aprili 2025

Sadrack,

Salamu zako nimezipata. Hapa Makiso courant ya umeme inakuja na kukimbia kama mgeni mwenye deni, lakini salle inafanya kazi. Pasaka nilikuwa Yanonge na papa na Jephté, mtoto wa tonton, ndugu yake papa. Tulikula samaki na kwanga ya muhogo. Sahani moja ilibaki kavu pale mezani, na unajua ni ya nani.

Barua yako niliwasomea vijana wa salle. Kwenye maji yanayopanda walipiga mayowe mpaka majirani wakaja. Sikufichi, na mimi moyo uliruka. Unajua nimeungoja mchezo huu kuliko wao wote. Nilitaka zamani kuona kama mtu anaweza kuvuka ng'ambo, kama sisi tunavyovuka kwenda Lubunga, na mzigo mzito, asizame. Nilisoma nikicheka. Halafu nikafika kwenye mazishi, nikaikunja barua mbele ya watu.

Hivi uliandika kwa mkono gani? Usipokwenda kuzika, wenzako wanakuacha. Wewe! Mama alizikwa Februari ya mwaka jana, na wewe mtoto wake wa kiume hukuja. Ulisema hapakuwa na chombo cha kupanda mto. Tonton akauliza mara moja tu katika groupe ya familia kwenye simu ni chombo gani hicho kisichopatikana, na wewe ukatoka kwenye groupe kama mtu aliyepigwa. Sasa unapigiwa makofi kwa kuwafundisha watu wasiokuwepo kwamba mazishi ni lazima.

Unajua vizuri kwamba papa hajavua nguo nyeusi. Na mimi sijavua. Matanga hayafungwi wakati mtoto mmoja hajakanyaga kaburini. Zaidi ya mwaka natembea na nyeusi kwa ajili yako, wateja wananiuliza kama nimekuwa mtawa.

Papa nilimsomea barua yote. Aliniomba nirudie pale kwenye mazishi. Nikarudia. Akasema lokole haiingii katika simu. Akasema: "Mwambie akuje. Nitamupigia akiwa hapa." Hata angekubali, mikono yake siku hizi... Bon, tuache hayo.

Fortunée


Kinshasa, 8 Juni 2025

Yaya,

Natumaini uko salama na kazi inakwenda. Mimi niko sawa, yule jogoo ameliwa, tunalala. Barua yako ilichelewa. Chombo kilikwama kwenye mchanga karibu na Mbandaka, karatasi ikanifikia imenyonya maji.

Kuhusu Februari nilishakueleza. Hapakuwa na chombo. Sirudii.

Kuhusu papa, mwambie nimemwelewa, asijisumbue. Lokole nimeshaipata, safi, ya kwetu kabisa. Nimeihangaikia mwenyewe: kulikuwa na pigo moja limekosewa, nimelikata, sasa inatiririka vizuri. Video ya kutangaza mchezo inatoka Julai. Iwashe kwenye skrini kubwa, sauti juu. Hapo ndipo utajua nilikuwa nafanya nini muda wote huu ambao ninyi mnauhesabu kama uvivu.

Ulianza kusema juu ya mikono ya papa ukaacha. Mikono imefanya nini?

Sadrack


Kisangani, 27 Julai 2025

Sadrack,

Leo sina salamu. Lakini mama alitufundisha kwamba hata adui anasalimiwa, basi salamu. Tuko hai. Jephté ameanza biashara ya samaki wa kukausha. Tonton anakohoa. Hizo ndizo habari za nyumbani. Sasa nisikilize.

Video yako ilitoka. Niliiwasha kwenye skrini kubwa, sauti juu, kama ulivyoagiza. Vijana walijaa mpaka mlangoni, watu wa toleka wakachungulia wakiwa juu ya baiskeli zao, abiria nyuma. Mto ukapanda, tukapiga kelele. Mtumbwi ukapinduka, tukapiga kelele zaidi. Mimi mwenyewe nilisimama juu ya kiti na nguo zangu nyeusi, kama kichaa. Halafu yule msichana wa mchezo akashika fimbo, akapiga lokole. Watu wakatoka vijijini wanacheka, wanacheza, wamebeba vibuyu vya pombe. Na mimi nikashuka kwenye kiti nikakaa chini.

Kwanza sikujua kwa nini. Lokole sielewi zaidi yako, sote tumekulia Makiso. Lakini mapigo yale nilishayasikia. Niliyasikia nikiwa nimeshika miguu ya mama, inaanza kuwa baridi.

Wewe ndiye uliyemfanyia mama hivyo. Jephté alirekodi lokole ya papa siku ile mama alipokufa, akakutumia, ili angalau masikio yako yawepo, kwa kuwa mwili ulikataa kuja. Na wewe ukachukua zawadi ya ndugu yako ukaivalisha viatu vya kucheza.

Ngoja, sijamaliza. Jephté naye, akili zake unazijua, akadhani papa atafurahi. Akaenda pwani pale Yanonge, wanapotua wavuvi, na kile kipaza sauti chake kikubwa, akaiwasha video yako. Vijana walikuwa wanacheka. Mama mmoja mzee akaweka kikapu cha samaki chini, akafunga kitambaa kiunoni, akaanza kulia. Wa pili akafuata. Wale wanaoelewa wakaacha biashara zao wote. Mitumbwi ikatoka ng'ambo ya pili. Wakapanda kwa papa wakilia kwa sauti, wakamkuta ameketi na redio yake.

"Nani amekufa?" papa akawauliza.

"Marthe," wakamwambia. "Si weye mwenyewe uko unatuita?"

Fikiri hilo, Sadrack. Mzee anaambiwa mara ya pili kwamba mke wake amekufa, na aliyeleta habari ni yeye mwenyewe. Akashuka pwani. Jephté alikuwa bado anairudia, mpumbavu yule. Papa akasikiliza ameinamisha kichwa mpaka mwisho, halafu akageuka akarudi nyumbani, na siku hiyo hakugusa chakula.

Nilifika kesho yake kwa mtumbwi wa motor. Nilimwomba anieleze lokole ilikuwa inasema nini, kwa sababu ni aibu, nina umri huu na sijui. Akaniambia. Inasema: moto umezimika jikoni kwa Dominique, ndiye yeye papa, umezimika kabisa. Marthe, binti wa watu wa Isangi, ameuacha moto. Njooni na machozi. Hiyo ndiyo karamu yako.

Na unajua kilichomuumiza kuliko vyote? Lile pigo. Alisema kuna mahali mkono wake uliteleza kwa kilio, na sasa hapatelezi tena. Akaniuliza ni nani amefuta kilio chake. Barua yako ilikuwa katika mkoba wangu, ile inayosema pigo limekosewa, nimelikata.

Toa sauti hiyo. Sitaki maelezo, sitaki jina la papa mwishoni mwa mchezo. Usipoitoa, mchezo wako hauingii katika salle yangu, na wewe usiniite yaya.

Fortunée


Kinshasa, 7 Septemba 2025

Yaya, nitakuita hivyo hata ukikataa,

Natumaini papa amerudi kula. Natumaini tonton amepata dawa ya kifua. Hapa joto limeanza, na mimi silali vizuri, si kwa sababu ya jogoo.

Sikujua. Unasikia? Sikujua. Nilidhani papa anamwita mama kwa jina lake la lokole, lile linalopigwa badala ya kutamkwa, basi, jina zuri refu, na watu wanaitwa waje. Na kweli wanaitwa waje, hilo sikukosea. Ni nani aliyenifundisha mengine? Papa mwenyewe alituweka shule ya mjini akisema lokole haitoi diploma. Nikiwa mdogo nikigonga meza kwa vijiko, alinifokea nisome Kifaransa changu. Leo mnanishangaa sielewi? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Jephté alinitumia ile sauti bila hata neno moja. Nimeisikiliza miezi na miezi, nimeikata vipande na kuiunga tena, naijua kuliko sauti yangu. Niliiweka ndani kwa sababu hakuna kitu kizuri zaidi nilichowahi kusikia. Hilo hamlioni, mnaona wizi tu.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu. Nilimweleza yote, na ile ya wamama waliolia. Akasema ni hadithi ya kugusa moyo. Akauliza: "Kati ya wachezaji wote, nani ataelewa?" Akasema wito wa lokole ndio watu wanaousubiri kuliko yote, kila siku wanaandika juu yake. Mwisho wa Oktoba mchezo unafungwa na hakuna kitakachobadilishwa. Unataka niende kumpiga?

Na habari ya mikono ya papa bado hujanijibu.

Sadrack


Kisangani, 2 Oktoba 2025

Sadrack,

Salamu. Tonton amepata nafuu. Papa anakula kidogo. Salle nimeipaka rangi, vijana wamenisaidia.

Nani ataelewa? Mwambie mkubwa wako: papa ataelewa. Yule mama wa kikapu ataelewa. Kila mara kijana mmoja akibonyeza kidole mahali popote duniani, mama yako atakufa tena, watu watakuja wanacheka, na wewe kama kawaida hutakuwepo.

Unasema papa hakukufundisha. Ni kweli, na ana lawama yake, nimemwambia usoni. Lakini kulia hakufundishwi shuleni.

Sasa nikuambie nilichokiona. Vijana wangu wanatafuta kila habari ya mchezo, hawalali. Wamefukua picha za zamani kwenye ukurasa wenu. Wakaniita: yaya, njoo umwone leki yako. Nikaja. Februari ya mwaka jana, juma lile lile la mazishi, wewe umevaa shati jeupe, umeshika micro ya kusemea, unawaonyesha wenye fedha mchezo wenu, umekenua meno yote. Tarehe iko chini ya picha. Hapakuwa na chombo! Kumbe chombo kilikuwepo, wewe ndiye hukuwepo. Vijana walifurahi, wakasema leki yako ni mtu mkubwa. Niliwaambia wazime.

Papa sijamwambia. Nilikwenda Yanonge nikiwa na nia hiyo, nikafika mpaka mlangoni, nikamkuta anajaribu kufunga kifungo cha shati lake jeusi na hawezi. Uliuliza mikono. Ndiyo hiyo. Vidole vimevimba tangu mwezi wa tatu, havikunjiki. Aliposema uje atakupigia, alisema hivyo akiwa na mikono hiyo. Nilikuficha kwa sababu sikutaka uje kwa huruma. Nilitaka uje kwa aibu.

Neno lake ni lile lile, ameongeza moja: usipande ndege, upande baleinière. Kila chombo kinachotoka huko kinapita mbele ya Yanonge kabla ya kutufikia. Ukifika Isangi mpigie Jephté, papa atakuwa pwani na gogo lake. Ukishuka, umeshuka. Ukipitiliza mpaka Makiso, usinitafute. Salle nimeipaka rangi lakini mlango una kufuli.

Fortunée


Yanonge, 16 Novemba 2025

Yaya Fortunée,

Nakusalimu kutoka hapa. Papa ni mzima, vidole ni kama ulivyosema. Jephté anakusalimu, ananuka samaki. Barua hii anakuletea yeye, maana simu yangu imekufa maji, utaelewa mbele.

Vijana wako watakuambia kwamba mchezo umesogezwa mpaka mwakani, na kwamba wito wa lokole umeondolewa. Watakasirika. Waache wakasirike, usiwaeleze sababu. Mimi nina likizo ndefu. Usiniulize ni nani aliyenipa.

Ile picha ya shati jeupe, sina la kusema.

Nilisafiri juu ya paa la chombo, kati ya magunia na mbuzi. Isangi nilimpigia Jephté. Kutoka hapo nilikaa nimeshika magoti. Niliogopa kitu kimoja tu: kwamba atapiga jina langu la lokole, na mimi silijui, nitampita baba yangu kama mtu anayepita shamba la wengine. Niliwaza hata kumwomba mama mmoja aliyekuwa karibu yangu aniambie akisikia kitu. Niliona aibu.

Halafu ikalia. Nilidhani mtu amewasha video yangu. Nikageuka kumtafuta mwenye simu, kwa hasira, nimzimie. Hakuna aliyeshika simu. Yule mama akaacha kuzungumza, akafunga kitambaa chake kiunoni. Mzee mmoja akavua kofia akauliza ni msiba kwa nani. Papa hakuniita mimi, yaya. Alikuwa anatangaza kifo cha mama, neno kwa neno, kama ndiyo kwanza kimetokea, kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hakukisikia.

Ninajua kila pigo lake, nilikuambia. Nilijua mahali nilipokata panakuja. Mwili wangu umezoea: hapo inaruka, inaendelea safi. Haikuruka. Mkono wake uliteleza palepale. Sijui kama ni vidole au ni kile kilio. Nilisimama juu ya paa nikasema mbele ya watu wote kwamba ni mama yangu. Mwenye chombo akapunguza mwendo, lakini sikungoja afunge kamba. Niliingia mtoni na nguo zangu, maji mpaka kifuani, nikaenda.

Alikuwa amesimama na nguo zake nyeusi, fimbo zimefungwa mikononi kwa vitambaa kwa sababu vidole havishiki. Hakuacha kupiga. Aliniangalia hivyohivyo mpaka akafika mwisho, pale pa njooni na machozi. Mimi nilishakuja nayo.

"Sasa umesikia," akasema. "Kamata jembe."

Hukuniambia kwamba alikataza mtu yeyote kugusa majani ya kaburi. Yamefika kiunoni, na mengine yana miiba. Nimelima nusu, mikono yangu imetoka malengelenge. Papa ameleta gogo lake, ameketi pembeni, hasemi nami. Nikisimama kupumzika anagonga mara moja, naendelea.

Nitamaliza kabla ya Jumapili ijayo. Njoo na kitenge cha rangi.

Sadrack